Dympna na Kura ya Kaka Yake

Dympna Liddane alipima maziwa katika kiwanda cha siagi hapa kwetu Clare mpaka alipostaafu. Mimi ni jirani yake. Niliishia shule ya msingi, na sioni haya kusema hivyo. Kusoma najua, na kukumbuka najua zaidi.

Kwetu kila mtu mzima hupigia kura bunge la chini. Seneti, yaani bunge la juu, ni habari nyingine. Ina viti vichache vinavyochaguliwa na wahitimu wa vyuo vikuu, na si wahitimu wote, ila wa vyuo vya zamani vilivyotajwa tangu enzi za baba zetu. Dympna alisoma Limerick, na Limerick haikutajwa. Kaka yake Fachtna, mwalimu, alisoma Galway, na Galway imo. Kwa hiyo, nyumba moja, maziwa ya ng'ombe walewale, mmoja ana kura na mwingine hana.

Tena kura hiyo hupigwa kwa posta, na mpiga kura lazima atie sahihi mbele ya shahidi. Basi kila uchaguzi wa Seneti Fachtna huja jikoni kwa dada yake na bahasha yake, anaandika huku ameifunika karatasi kwa mkono kama mtoto mtihanini. Dympna akichungulia, Fachtna humwambia, "Si kazi ya shahidi kujua." Anacheka, anakula mkate wa dada yake, anaondoka.

Mwaka jana sheria ilibadilishwa. Wahitimu wa vyuo vingine nao wataruhusiwa, ila si katika uchaguzi wa Januari, bali kuanzia ule utakaofuata, na lazima mtu ajiandikishe mwenyewe. Nilidhani Dympna atarukaruka. Wapi!

"Sijiandikishi," aliniambia. "Wamenisahau tangu nina nywele nyeusi. Leo niwabembeleze?"

Januari Fachtna akaja na bahasha kama kawaida. Barabara ilikuwa barafu tupu, na gari la posta lilikuwa karibu kupita. Mimi nilikuwa hapo nakunywa chai.

"Tia sahihi hapa, dada."

"Tafuta shahidi mwingine. Mimi nimestaafu."

"Dympna, acha utoto! Nitampata wapi mtu na barafu hii?" Akanigeukia. "Mama Nonie, basi wewe, mama yangu."

"Mimi?" nikasema. "Mtu wa shule ya msingi? Sitachafua karatasi ya wasomi."

"Mama Nonie, nakuomba."

"Nitatia. Dympna akishaleta cheti chake akajiandikisha, nami natia."

Dympna akaweka birika chini kwa kishindo. "Hayo yanakuhusu nini wewe?"

Nikamwambia yananihusu nini. Mwaka 1979, mwezi wa Julai, nchi nzima tuliulizwa kwa kura kama vyuo vingine viruhusiwe. Wengi hawakwenda. Sisi tulikuwa na majani ya ng'ombe yamelala shambani yamekatwa, na mawingu yanakuja kutoka baharini. Mume wangu alinifokea: kura ya wasomi, wewe inakuhusu nini? Nikapanda baiskeli nikaenda shuleni, kwenye kituo cha kura, nikapiga kura ya ndiyo, kwa sababu mtoto wa Liddane alikuwa Limerick anasoma na mimi nilikuwa nimembeba mgongoni utotoni mwake. Niliporudi mvua imeshanyesha. Majani yale yalioza, na nilisemwa hadi Krismasi.

"Ile kura ilikuwa yangu," nikasema, "na niliitoa kwa ajili yako. Ndiyo ilishinda, lakini wakubwa waliiacha ikae miaka yote hii. Wewe nawe unataka kuiacha?"

Dympna alijifuta mikono. Alipanda ghorofani, tukasikia anavuta droo. Alishuka na cheti kimefungwa kwenye kitambaa cha meza, akakilaza karibu na siagi.

"Fachtna, lete hiyo simu yako. Wewe ndiye unayejua mambo ya mitandao."

Fachtna akakipiga picha, akamjazia fomu ya kujiandikisha, bila utani hata mmoja. Alipomaliza, nikanyoosha mkono nichukue kalamu. Dympna akaniwahi.

"Shahidi wake ni mimi." Akatia sahihi, akamsogezea bahasha. "Uchaguzi ujao utakuja wewe kushuhudia yangu. Na mkate uje nao."

"Nitakuja. Utampigia nani lakini?"

"Si kazi ya shahidi kujua."

Fachtna akailamba bahasha, akatoka kulisimamisha gari la posta.