Kona Aliyoichagua Sungura

Twaiba binti Chirau ameshona makuti ya kuezekea hoteli za Diani kwa miaka thelathini, na mikono yake haijui kukaa bure. Mwaka huu, huko kwao Munje, mikono hiyo ilipata kazi nyingine: kumgeuza, kumwosha na kumvisha mumewe, Mwalimu Abdulwahab, aliyepatwa na kiharusi kikamwacha na upande wa kuume uliokufa na ulimi mzito.

Hayo yote Twaiba aliyaweza. Lililomkata maini ni kwamba Mwalimu aliacha kuswali. Mtu aliyesomesha Kurani chuoni maisha yake yote, aliyewafunza watoto wa Munje kujitoharisha kabla hawajaijua alifu, ambaye tone moja la mkojo lilitosha kumbadilisha kanzu, sasa hakuweza kuzuia haja ndogo. Kila adhana ilipolia, aligeuza uso ukutani. Twaiba alimkumbusha kwamba mgonjwa ana udhuru, aswali hivyo hivyo alivyo. Alikuwa akimfundisha samaki kuogelea, maana mas'ala hayo aliyasikia kwake yeye mwenyewe. Lakini aibu haisikii fatwa, na miezi saba ikapita.

Sungura aliletwa na Nthambi, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyetoka Ukambani na ambaye hufuga sungura wa kuuza nyama. Alimleta mzima, miguu imefungwa kamba, kwa kuwa alijua majirani zake Waislamu watataka kuchinja wenyewe.

"Shikamoo, mama. Huyu ni wa supu ya mzee. Itamrudishia nguvu."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Twaiba alimfungua kamba, akaenda kutafuta kisu. Aliporudi, sungura alikuwa ameingia chini ya kitanda cha Mwalimu hapo ukumbini, na mkono wa kushoto wa Mwalimu umening'inia, vidole vimezama kwenye manyoya. Mwalimu alimtazama mkewe, akakitazama kisu, akatikisa kichwa. Tangu augue, ukiacha swala, hakuwa amekataa wala kutaka jambo lolote. Kisu kikarudi jikoni, siku hiyo wakala kunde.

Basi sungura akawa wa nyumbani, ila adabu hakuwa nayo. Vile vipira vikavu vya kinyesi havikuwa taabu, ufagio ulivitosha. Balaa ilikuwa mkojo: sakafuni, kwenye mkeka, miguuni pa viti. Ni najisi, na ukumbi wa mwalimu wa chuo si zizi. Twaiba alijua kwamba asipomfundisha, itabidi amrudishe kwa Nthambi, na kwa Nthambi njia ya sungura ni moja tu. Kisha mkono ule wa kushoto ungebaki bila cha kushika.

Alilipasua jerikeni la mafuta ubavuni, akalijaza maranda kutoka kwa seremala, akaliweka karibu na mlango wa uani, mahali palipomfaa yeye. Sungura akalinusa, akaenda zake kwenye kona ya upande wa kibla, pale pale ulipotandikwa mswala wa Mwalimu. Twaiba akambeba mpaka jerikenini. Akaruka, akarudi konani. Juma zima walikwenda hivyo, na aliyechoka hakuwa sungura.

"Mama, usimchagulie," Nthambi alimwambia alipokuja kuuliza hali. "Sungura hujichagulia kona. Angalia penye anaendanga, hiyo jerikeni uiweke hapo hapo. Weka mavi yake kidogo ndani, na majani kando. Anapendanga kula akienda choo."

"Hapo ni mahali pa mswala, mwanangu."

"Basi mswala uhame. Yeye hahami."

Twaiba, ambaye siku hizi aliswalia chumbani, alisimama muda mrefu na mswala mkononi. Kuukunja kulikuwa ni kukubali kwamba Mwalimu hatausimamia tena. Mwishowe aliukunja, akauweka juu ya kabati, akaisugua kona kwa siki na maji, akaliweka jerikeni. Mwalimu alikuwa akimtazama. Kisha akageuza uso ukutani, na Twaiba akaenda kulia jikoni, maana alidhani amemwumiza.

Sungura alilishika somo ndani ya siku nne. Akawa anakosea mara moja moja, na mojawapo ya mara hizo ikaangukia Ijumaa, mbele ya Sharif, mdogo wake Mwalimu, aliyekuja kutoka Msambweni kumjulia hali kaka yake. Sungura alichupa hadi katikati ya ukumbi, akakojoa mkekani, mbele ya miguu ya mgeni.

Sharif akaivuta kanzu yake. "Shemeji, samahani kwa nitakalosema. Kaka ataswali vipi na najisi imejaa nyumba? Mtoeni mnyama huyu."

Twaiba si mtu wa kujibizana na mashemeji. Alileta ndoo na kitambaa, akapiga magoti, akafuta, akamwaga maji, akafuta tena. Ndipo aliposema, bila kuinua kichwa:

"Amekosea, shemeji, na nimeosha. Kesho akikosea nitaosha. Humu ndani mimi huosha mara tano, mara sita kwa siku, na sijaona kinyaa hata siku moja. Mkojo huondoka kwa maji. Kinachonitesa ni mtu kunificha kwamba amelowa, akalala nao mpaka ngozi ikachubuka, kwa sababu ananionea haya. Ananionea haya mimi, niliyekaa naye miaka arubaini."

Sharif alinywa chai yake, akaaga mapema.

Adhana ya alasiri ilipolia, Twaiba alikuwa akichambua majani ya sungura. Hakutazama kitandani. Wakati wa adhana alikuwa amejizoeza kutotazama.

"Maji," Mwalimu akasema.

Akampelekea bilauri, akaiinua hadi midomoni mwake. Mwalimu akaufumba mdomo. Twaiba akamwuliza kama anataka ya mtungini, yaliyo baridi. Kwa mkono wake wa kushoto Mwalimu aliushika ule wa kuume uliokufa, akauinua polepole mpaka mbele ya mkewe, akaushikilia hapo, kiganja wazi, kwani udhu huanza na kuume.

Twaiba akaiweka bilauri chini.

"Shuka," Mwalimu akasema kwa ulimi wake mzito, akimtazama usoni. "Imelowa."

"Najua, Mwalimu," Twaiba akasema. "Tutaanza na hiyo."