Mgongo wa Babu

Nikiwa mtoto mgonjwa, nilisikia mabuti yakivuta tope uani, kisha kikohozi kizito, kabla sijafumbua macho. Leo sokoni nimepita karibu na koti la sufu lililolowa mvua, na kikohozi kile kimenirudia.

Babu hakuwahi kuvuka kizingiti chetu. Kwetu mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni aibu kwake na kwa mkamwana. Alirudi kutoka vita vya Burma na koti kama lile na goti bovu, na kila jioni alikohoa uani ili atujulie hali.

"Mkamwana, mtoto ameamka?"

"Bado, baba. Anawaka kama jiko."

Mama alikuwa amejifungua juzi, hata kusimama kulimpa taabu. Baba yangu alikuwa Kericho, kwenye mashamba ya chai.

Babu alikung'uta tope mabutini. Kisha mlango ukafunguka, naye akaingia kinyumenyume, uso ukitazama migomba.

"Baba! Umeingia!"

"Sijaingia. Ulioingia ni mgongo tu, nao hauna macho. Mfunge hapo nimpeleke zahanati."

Akachuchumaa, goti likalia. Mama akanifunga kwa leso. Sufu mbichi ilinikwaruza shavu, ikinuka moshi na mvua.

"Vitani nilibeba watu wazima," babu alisema akihema. "Lakini wakati huo goti lilikuwa langu."

Akashika mwimo, akainuka, akatoka bila kugeuka. Nyuma yetu mama aliufunga mlango, kisha nikasikia mwili wake ukiuegemea kwa ndani.