Sakafu ya Mbao ya Nyumba ya Mama

Mguu wa mama ulitumbukia kwenye sakafu ya sebuleni siku ya Jumatatu, akiwa amebeba kikombe cha chai. Jirani aliyesikia kishindo ndiye aliyemchomoa, kisha akanipigia simu. Nilikuwa kazini mjini Moshi. Nilipofika kwake kule mlimani nilimkuta ameketi kitini, muundi umechubuka, na tundu limefunikwa kwa sinia.

Nyumba ile aliijenga baba. Sakafu aliiweka ya mbao ngumu za mti wa loliondo, imeinuliwa juu ya nguzo fupi za mawe. Mimi nilishaamua: tung'oe kila kitu, tumwage zege, tuweke vigae kama kwangu mjini, mtaa wa Soweto. Nikamleta fundi seremala kutoka mtaa wa Majengo, mtu wa makamo, mchache wa maneno. Alimwamkia mama shikamoo, akapiga magoti, akaanza kubandua mbao kwa mtaimbo.

Uvundo ukatupanda puani. Mbao nyingi zilikuwa nzima. Zilizooza ni boriti zilizozibeba. Fundi akazunguka nje, akarudi akiuliza nani aliziba matundu ya hewa chini ya ukuta. Nikasema labda baba, maana miaka yake ya mwisho alifanya mengi bila kumshirikisha mtu. Mama akanikatiza.

"Usimsingizie marehemu. Niliziba mimi. Kuku walikuwa wanaingia kutagia humo."

Fundi alisema unyevu ulikosa pa kutokea; boriti zikibadilishwa na matundu yakizibuliwa, sakafu itadumu. Nikarudia habari ya zege. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Mbao zinaniambia nani ameingia na amefika wapi. Zege halitaniambia kitu."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Sioni, mwanangu. Naona mwanga wa dirisha tu."

Nilikuwa naenda kwake kila mwezi. Ananimiminia chai, ananichagulia ndizi za kubeba, anawaelekeza wachuma kahawa kule kihambani, shamba letu la ukoo, na sikuwahi kugundua. Niliona aibu mbele ya yule fundi, ambaye aliinama akaendelea kuchomoa misumari kama vile hakusikia.

Kazi ilichukua siku nne. Boriti mpya zilipakwa oili chafu ya magari kuzuia mchwa, matundu yakazibuliwa na kuwekewa wavu, na mbao zilezile za baba zikarudishwa. Mama alitembea juu yake peku kutoka mlangoni hadi kwenye kabati, akamwambia fundi kuna ubao mmoja unacheza. Fundi akaongeza msumari.

Wiki iliyofuata nilimpeleka hospitali. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, likafanyiwa upasuaji na sasa linaona. La kushoto lilikuwa limeshaharibiwa na presha ya macho, hapo tulichelewa. Alikaa kwangu siku kumi nikimtia dawa ya matone, kisha akataka kurudi kwake.

Siku hizi nikienda simuulizi tu kama hajambo. Namuuliza jicho, goti, usingizi, kimoja kimoja, mpaka anachoka nami.