Friji la Mama Leokadia na Mvumo wa Gitaa Langu

Jamani, kuna aibu unayoweza kuisimulia baada ya wiki moja, na kuna aibu ya kusubiri mpaka mvi ziote. Hii yangu ni ya mvi, ndiyo maana leo nimepata ubavu wa kuisema, ila atakayecheka kabla sijamaliza nanyamaza (nawajua nyie).

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Majengo yamejaa redio za kila aina baada ya watu kukosa hata sabuni, na mimi Kalisto, fundi baiskeli wa Katandala, nikajipatia gitaa la umeme lililotokea upande wa Zambia, na amplifaya iliyochoka, na redio kaseti inayorekodi kwa kipaza sauti chake chenyewe, basi chumba changu cha kupanga nikakiita studio. Mama mwenye nyumba wangu, Mama Leokadia, akanogewa akaniambia, "Kalisto mwanangu, Leokadia wetu anaolewa Jumamosi. Mrekodie wimbo, tuupige maharusi wakiingia ukumbini." Nikasema sawa mama, na kifua kikatanuka.

Tatizo lilikuwa moja. Gitaa lilikuwa linavuma. Ukiwasha tu amplifaya, hata hujagusa kitu, mmmmmmm, nyuki mzinga mzima ndani ya spika. Mwingine angerekodi hivyo hivyo akalale zake, lakini mimi nina ugonjwa, kitu nisipojua sababu yake hata ugali haushuki. Nikaamua nichunguze kama wanavyofanya wasomi, nazima kitu kimoja kimoja nyumba nzima, na kila jaribio nalisema kwa sauti kaseti ikiwa inazunguka ili nije kusikiliza tofauti.

Alhamisi hiyo asubuhi alikuwa amekuja Mzee Shabani wa Kirando, mfanyabiashara wa samaki aliyemletea Mama Leokadia samaki miaka na miaka. Alileta migebuka ya harusi, wabichi kabisa, macho yanang'aa, tukawapanga kwenye friji lililokaa koridoni mlangoni pangu. Mama akaondoka kwenda Chanji kwa dada yake, ambako bi harusi alikuwa anafundwa, akasema atarudi Jumamosi asubuhi.

Nyumba ikabaki yangu, nikaanza. Jaribio la kwanza, nimezima taa ya chumbani, mvumo upo. La pili, nimezima taa ya tyubu ya koridoni, mvumo umepungua kidogo (au ni masikio yangu?). Nikageuza amplifaya ikaangalia ukutani, nikasogeza redio, nikabadilisha waya, mpaka la sita mvumo upo tu, na muda wote huo gitaa limelala kitandani. Ndipo nikaliangalia friji. Lilikuwa linanguruma sauti ile ile! Nikajiambia nimemkamata mwizi. Nikavaa gitaa begani niwe tayari kupiga, nikakamata nyuzi kwa mkono wa kushoto zisilie, nikatoka hadi koridoni, nikachomoa friji, nikapaza sauti: "Jaribio la saba! Friji la Mama Leokadia nimelichomoa, dakika tano tu! Sikiliza! Kimya!"

Kweli, kimya. Nilicheza peke yangu pale koridoni. Nikarudi chumbani nikaupiga wimbo palepale, kwenye kaseti ile ile, bila hata kuirudisha nyuma, ukatoka mtamu. Mwisho wa wimbo nikachomoa kaseti, nikakimbia kwenda kumsikilizisha Desi, rafiki yangu mwenye muziki wa kukodisha, nikamwachia hukohuko, nikamwambia Jumamosi aipige kuanzia pale iliposimama, nimeshairudisha mwanzo wa wimbo tayari. Friji? Mimi nilikuwa nawaza gitaa.

Jumamosi asubuhi nikasikia Mama Leokadia amefungua friji, kisha mayowe, kisha anatoka uani kuita majirani. Harufu ilinifikia kabla yake. Nikachungulia koridoni, nikaona plagi inaning'inia. Hapa ndipo ningepaswa kusema. Badala yake nikairudisha ukutani, nikaingia chumbani kwangu kama sijui kitu.

Mama akarudi na majirani, akaliwekea friji kiganja. "Friji hili hapa linanguruma! Shabani kaniletea samaki waliolala!"

Wakamwita kutoka sokoni. Alikuja mbio, kofia mkononi. "Mama Leokadia, hawa nimewatoa ziwani usiku wa kuamkia Alhamisi. Mungu ananiona."

"Shabani, wewe ni mwizi," mama akamjibu, mbele ya watu wote.

Mzee aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pangu, hatua tatu tu kutoka kwake, nikanyamaza. Niliona aibu hata kumwangalia.

Harusini wageni wakapangiwa wali na maharage, na habari ya samaki ikazunguka meza hadi meza. Mzee Shabani alikuja hata hivyo, kwa sababu alimjua bi harusi tangu anatambaa, akakaa benchi la mwisho na hakuna aliyekaa naye. Maharusi wakasimama mlangoni. Desi, kwa kutaka kufanya kazi nzuri, akairudisha kaseti mpaka mwanzo.

Spika mbili kubwa zikasema: "Jaribio la kwanza! Nimezima taa ya chumbani! Mmmmmmm." Watu wakacheka. Mimi nikaanza kupenya katikati ya viti kumkimbilia Desi, nakanyaga vitenge, naangusha soda, na majaribio yanaendelea kuhesabiwa. Nilifika mezani kwake pamoja na la saba. Ukumbi mzima ukasikia jina la friji, jina la mwenyewe, na dakika tano.

Halafu wimbo ukaanza, mtamu, na hakuna aliyecheza.

Mama Leokadia hakunigombeza. Alinipita, akaenda mpaka benchi la mwisho, akapiga magoti mbele ya Mzee Shabani akiwa na kitenge chake kipya. Nikamfuata, nikapiga magoti pembeni yake. Mzee akamwinua mama, akamwambia yamekwisha, kisha akanigeukia mimi.

"Mwanangu, kusahau ni kusahau. Asubuhi ulikuwa umesimama mlangoni, mbona hukusema?"

Nikainuka, nikamletea sahani ya wali, nikakaa naye benchi lile la mwisho.

Nilirudi nyumbani nikakuta friji limechomolewa tena, limeachwa wazi lipate hewa. Nikawasha amplifaya. Mmmmmmm. Gitaa lipo kitandani, friji limezimwa, mvumo uleule! Nikakamata nyuzi. Kimya. Nikaachia. Mmmmmmm. Kumbe siku ile ulikuwa mkono wangu. Nilibadilisha vitu viwili kwa mara moja, nikalisingizia friji.

Sasa hivi sigusi plagi ya mtu bila kumwita mwenyewe aje aone. Na kila Mzee Shabani alipokuja kuuza Katandala, mpaka alipozeeka akaacha, nilitoka kumbebea kapu lake, nyumba kwa nyumba, nikipaza sauti kuliko kwenye ile kaseti: "Samaki wabichi! Samaki wa Mzee Shabani!"