Siku ya Kusukutua

Nesi Nereida alikuwa na dakika moja ya raha kwa wiki. Kila Ijumaa aliingia darasani na jagi la dawa ya kulinda meno, akawamiminia watoto vikombeni, na mara mashavu yakatuna. Watoto wa Caibarién, mji wa bandari kule Kuba, wana domo jamani, hata usingizini wanabishana. Wahenga walisema mdomo ni jumba la maneno. Basi Ijumaa jumba lilifungwa, na Nereida akasimulia ndoto zake za treni bila mtu kumkatiza.

Dakika hiyo mtoto mmoja, Maidelín, alifanana na wenzake kwa ukimya. Tangu mama yake avuke bahari na kumwacha kwa bibi, hakuwa ametamka neno shuleni. Mwalimu mkuu, Zoraida, alikwisha kuamua kumpeleka bweni la watoto wasiosema, mbali na bibi yake.

"Nilikupa mwezi wa kumsemesha, Nesi, nawe unamtibu kwa hadithi za treni!"

"Huyu si bubu, mwalimu. Ana huzuni tu."

"Mtihani haungoji huzuni. Asiposema leo, Jumatatu anaondoka."

Nereida aliingia darasani na jagi lake. Mashavu yalipotuna, akaanza.

"Treni ya miwa ilifika bandarini, isisimame. Ikateremka majini polepole, taa zinawaka chini ya mawimbi, samaki wanachungulia madirishani. Abiria wamesinzia. Mama mmoja amepakata sanduku lake..."

Hapo ulimi ukamganda. Mama na sanduku! Alitamani kujipiga kofi. Dakika ikapita, macho ya watoto yakaanza kuwatoka, naye amesahau kuwaambia wateme.

Mtoto mmoja akatema.

"Halafu ilirudi?"

Sauti ilikwaruza. Maidelín alikuwa amesimama, kidevu kimelowa. Mlangoni, Zoraida alijishika kifua.

Sauti aliyoiomba Nereida usiku na mchana ilikuwa imekuja, na swali lake ndilo hilo. Nereida, bingwa wa kutunga, angeweza kuirudisha ile treni kwa neno moja. Darasa zima lilimkodolea macho, vinywa vimejaa, hakuna wa kumwokoa.

Alipiga magoti mbele ya mtoto.

"Bado, mwanangu. Haijarudi."

"Najua," alisema Maidelín, akamwegemea begani.