Daktari Aliyemsubirisha Mdogo Wake

Watu wa Kisongo waliendelea kumwita Silantoi Meja hata baada ya yeye kuvua magwanda ya jeshi. Alikuwa msichana wa kwanza wa boma lao kumaliza kidato cha sita. Jeshi likampokea, likamsomesha udaktari, kisha likampeleka nchi jirani kulinda amani. Huko, ndani ya hema la turubai, aliijua kazi iliyompa jina: kuwatazama majeruhi wakishushwa na kuamua upesi nani aanze, nani angoje. Safari moja, mmoja wa walioambiwa wangoje alikuwa rafiki yake wa tangu mafunzoni. Alingoja, akapona, na mkuu wa kikosi akamsifu Silantoi mbele ya wenzake kuwa hana upendeleo. Sifa ile ilimwingia moyoni, ikakaa.

Alipostaafu alirudi Arusha, akapewa kuongoza idara ya dharura katika hospitali moja ya mjini. Madaktari wapya walimwogopa na kumpenda. "Kwenye dharura hakuna ndugu," aliwaambia, nao wakawa wanalirudia neno hilo kwenye chai.

Siku moja ya mnada, lori lililofeli breki liliacha barabara likawavamia watu waliokuwa wamepanga bidhaa pembeni. Majeruhi wakaletwa kwa pikapu na bodaboda. Silantoi alisimama mlangoni na tepe zake: nyekundu kwa wa kuingia mara moja, kijani kwa wa kungoja. Swabaha, binti wa Saadi, muuza vitenge wa mtaa wa Sokon I, alibebwa akiwa mlegevu, paja likivuja damu. Akapata utepe mwekundu. Nyuma yake akaingia Yiamat, mdogo wake Silantoi wa tumbo moja, akitembea mwenyewe, shuka limejaa vumbi, mkono ameubana kwenye mbavu za kushoto.

"Limenipiga kidogo tu, dada," alisema. "Wewe angalia wengine."

Wauguzi walikuwa wanatazama. Silantoi alijua wanatazama. Akamfunga utepe wa kijani kifundoni, akamwonyesha benchi, akageukia aliyefuata.

Alikuwa ameinama juu ya paja la Swabaha, anafunga mshipa, muuguzi Reginald alipomjia.

"Daktari, mdogo wako anaomba maji. Anasema ana kiu sana, na amejilaza."

Mtu mwenye kiu baada ya kupigwa ubavuni huenda anavuja damu ndani! Angekuwa mgeni yeyote, Silantoi angeacha kila kitu amtume mtu ampime presha. Lakini alisikia neno moja tu, *mdogo wako*, na likamchoma kama tuhuma.

"Angoje kama wengine," alijibu.

Wauguzi walipomwita Silantoi mara ya pili, Yiamat alikuwa sakafuni kando ya benchi, ngozi imekuwa baridi, tumbo limejaa. Bandama ilikuwa imepasuka na damu ilikuwa inamwagikia ndani muda wote ule. Walimkimbiza chumba cha upasuaji. Hakutoka akiwa hai.

Uongozi wa hospitali uliketi ukalijadili tukio hilo. Wakasema majeruhi walikuwa wengi, na mtu anayetembea na kuongea huwekwa kijani. Hana kosa. Silantoi alisikiliza, akashukuru, akaona afadhali wangemfukuza. Yeye peke yake alijua kwamba siku ile aliwapapasa tumbo watu kadhaa waliofika wakitembea, wasiokuwa ndugu zake.

Msibani, mama yake alimwita pembeni, nyuma ya zizi.

"Wanasema damu ilikuwa tumboni. Ulimshika tumbo?"

"Hapana, Yeyo."

"Kwa nini?"

Angeweza kutaja wingi wa watu. "Niliogopa watu waseme nampendelea," alisema.

Mama akajifunika shuka kichwani, akarudi kwa waombolezaji. Jioni ile Saadi naye alifika kutoka mjini, na mbuzi wa rambirambi.

"Pole sana, Daktari. Umefiwa, na mimi umenirudishia mwanangu. Nitakuombea kila nikisali."

"Asante, mzee wangu," Silantoi alisema, na hakuweza kuinua uso. Alifurahi kwamba Swabaha yu hai. Furaha hiyo yenyewe aliiona kama wizi.

Aliomba kuachia uongozi wa idara, akabaki daktari wa zamu kama wengine. Neno lake kuhusu ndugu hakulisema tena, na kijana mmoja alipolirudia mbele yake, alitoka chumbani. Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda bomani. Sinyati, mjane wa Yiamat, alikuwa mjamzito, na kila alipoona gari la Silantoi aliingia ndani akafunga mlango. Silantoi hakugonga. Alikaa na mama yake, ambaye sasa aliongea naye habari za mvua na ng'ombe, basi.

Uchungu ulipomshika Sinyati, njia ilikuwa tope na hakuna gari lingine lililokubali kufika. Mama ndiye aliyepiga simu. Silantoi aliendesha; mama na Sinyati walikaa nyuma, na kwenye kioo aliona uso wa wifi yake umegeuzwa dirishani. Hospitalini hakuingia chumba cha kujifungulia. Alimwomba mkunga, Agnela, amzalishe, naye akakaa nje kama jamaa yeyote wa mgonjwa. Akazaliwa mtoto wa kike, mzima.

Silantoi akaenda nyumbani kupika mtori, supu ya ndizi na nyama anayopewa mzazi. Alipika mwenyewe, akauleta kwenye chupa ya chai, akaumimina bakulini na kuuweka karibu na kitanda. Sinyati aliutazama sana. Mwishowe akachukua kijiko. Alikula nusu.

"Chumvi imezidi," alisema.

Ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu mazishi.

"Pole," Silantoi alijibu. "Nitapika mwingine."

Sinyati hakusema alete wala asilete. Alimgeuzia mtoto ziwa la pili, na Silantoi akaanza kukusanya vyombo.