Alisema Haujakauka

Iko siku moja ya kupura mtama ambayo nikiikumbuka, mwanangu, hasira inanipanda. Wala simkasirikii mtu mwingine. Najikasirikia mwenyewe, yule msichana wa miaka kumi na tisa niliyekuwa, mwenye mdomo mrefu kuliko mpini wa jembe lake. Ningeweza kumfikia leo, ningemchapa.

Nilidhani siku ile nimekwisha kuizika. Lakini Jumapili iliyopita, tumetoka kanisani, binti yangu Marta akaja kukaa uani kwangu hapa Kinampanda pamoja na mdogo wake. Chai hata hakuimaliza.

"Mama," akasema, "huyu mkamwana wangu amenishinda. Haongei. Mwaka mzima nakaa naye, simjui. Wenzake wakikaa kuchambua mboga na kupiga soga, yeye anajitenga na daftari lake. Ukimwuliza jambo, anakutazama kwanza kama vile hajasikia. Na kuku wanakufa tangu aingie. Tumeonelea arudi kwao Mwankoko, apumzike kidogo."

Apumzike! Siku hizi mtu akifukuzwa wanasema anapumzika.

Mkamwana mwenyewe anaitwa Upendo, mke wa mjukuu wangu Yeremia. Namjua. Shikamoo yake haikosi hata siku moja, akipika hutupi, akiulizwa hasemi uongo. Kosa lake ni kwamba maneno yake ni machache na kichwa chake hakilali. Yeremia aliwahi kuniambia, "Bibi, kwenye simu kuna maswali, ukiyajibu inakwambia wewe ni mtu wa namna gani. Kwa Upendo iliandika kwamba ni mtu wa kukaa ndani ya mawazo yake, wa kuchambua mambo, na watu wengi wanamchosha. Ndivyo alivyo kweli." Haya basi! Simu imemjua Upendo kwa robo saa, mama mkwe wake ameshindwa mwaka mzima wanakula chungu kimoja.

Nilimtazama Marta nikaona mdomo wake ni mdomo wangu. Nimeuzaa mwenyewe, nimlaumu nani? Ndipo nikaanza kuwasimulia habari ya mtama, na sasa nakusimulia wewe.

Kaka yangu Yona alioa binti kutoka upande wa Mkalama, jina lake Raheli. Alipoingia kwetu, wanawake tulimsubiri kwa hamu, maana bibi harusi mpya ni habari mpya. Tukapata nini? Kimya. Raheli alikuwa akisalimia vizuri, anapiga magoti, anaamka kabla ya jogoo, lakini ukimpa umbea anaupokea na kuuweka chini, haurudishi. Ukipika uji ukaungua, sisi tunapiga kelele, yeye anainama kutazama kuni. Alikuwa na tabia ya kushika kitu, anakigeuza, anakinusa, anakirudisha mahali pake. Tukisimulia kisa cha kuchekesha, yeye anauliza, "Lakini alifikaje kule bila kuonekana?" Kisa kinakufa. Mimi nikambandika jina la Bubu. Jina likashika, hata watoto wakamwita hivyo, na yeye akaitika. Kuitika kwake ndiko kulikonitia kiburi zaidi.

Mwaka ule mvua ilichelewa kuondoka. Mtama wa shamba la juu ulikauka vizuri, ule wa bondeni ulivunwa una unyevu. Tukaurundika uwanjani, kila mmoja upande wake, baba akaita majirani kuja kupura. Kwetu nyumbani palikuwa na desturi moja, na baba aliishika kama amri: watu wakishapura, mtama hulala kwenye kihenge siku ile ile, na wapuraji hawanywi togwa mpaka waone kihenge kimefunikwa. Kuacha nafaka uwanjani wageni wakaondoka ilikuwa aibu, kama kuwaambia kwamba kazi yao haikufaa. Basi watu wakapura kwa fimbo, sisi tukapepeta, jua likaanza kuinama na vibuyu vya togwa vinatusubiri kivulini.

Ndipo Raheli akanijia. Nilikuwa na ungo mkononi. Yeye alikuwa amechukua punje za huku na punje za kule, anazing'ata moja moja. Mtama mkavu ukiung'ata unalia. Mbichi unabonyea tu. Akaniambia kwa sauti ya chini, maana alinichukulia mimi kuwa wifi yake wa kumsaidia kusema:

"Wifi, mtama wa bondeni haujakauka. Tuuache juani siku mbili. Huu wa juu ndio uingie leo."

Maneno hayo tu. Wala hayakuwa na ubaya. Mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nikainua ungo juu kama ngoma nikapaza sauti: "Jamani njooni msikie! Bubu leo kaongea! Anasema mtama wetu utaoza!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akatikisa kichwa, kwamba mkamwana gani huyu anatabiria uozo chakula cha ukweni. Raheli alinitazama. Sikuona chozi wala hasira, alinitazama tu kama mtu aliyehesabu vibaya na sasa anatafuta alipokosea. Akarudi kwenye kazi yake. Mtama wa bondeni ukaingia wa kwanza, ukakaa chini. Wa juu ukafuata. Kihenge kikafunikwa, vigelegele vikapigwa, togwa ikanyweka, na mimi nilikunywa kuliko wote.

Majuma mawili baadaye mama alipanda kuchota mtama wa unga. Akaingiza mkono mpaka kwenye kwapa, akautoa haraka. Ndani kulikuwa na joto kama tumbo la ng'ombe, na harufu ikapanda naye. Mtama wa chini ulikuwa umeshikana madonge, mweusi, umeota ukungu. Mama alishuka ngazi akakaa chini vumbini. Kile kihenge ndicho kilikuwa mwaka wetu mzima.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho kinachonichoma. Ungedhani watu wangesema, "Lo, Raheli aliona, tumwulize tufanyeje." Wapi! Kesho yake baba aliita ukoo, na kikao hakikuwa cha mtama. Kilikuwa cha Raheli. Shangazi akasema, "Alitamka utaoza, umeoza. Huo mdomo si wa kukaa nao." Wengine wakaitikia. Mbona haongei na watu? Mbona anajitenga? Mbona ananusa vitu? Mambo yote waliyoshindwa kuyaelewa kwa miezi sita yakapata maana siku moja, na maana yenyewe ilikuwa mbaya. Kaka yangu Yona aliinamisha kichwa, mbele ya wazee hakuwa na nguvu.

Baba akamwuliza, "Mkamwana, ulisema mtama wetu utaoza?"

Raheli akafikiri kwanza, kama kawaida yake. Na kule kufikiri watu wakakuhesabu kuwa kukiri.

"Sikusema hivyo, baba. Nilisema haujakauka, tuuache juani siku mbili."

"Nani alikusikia?"

Raheli hakunitaja. Alinitazama tu. Watu wote wakageuka kunitazama mimi, niliyekuwa sikosi neno kwenye msiba wala harusi. Mwanangu, mimi nilitazama vidole vya miguu yangu. Nilijua nikisema kweli, aibu ya kihenge itanigeukia mimi. Nikanyamaza. Kikao kizima, bubu alikuwa mimi.

Wazee wakaamua arudi kwao. Asubuhi yake Raheli alifunga vitu vyake kwenye kitambaa akaondoka kwa miguu, mdogo wa Yona akimsindikiza. Aliniaga. "Kwaheri, wifi."

Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa hai bado, macho yamefifia lakini masikio yako kazini. Aliniita jikoni siku ile ile akiwa anachambua kunde kwa vidole.

"Uwanjani nilisikia sauti yako mpaka ndani," akasema. "Jana kwenye kikao sikuisikia. Uliipeleka wapi?"

Nikaanza kuokota kunde zilizoanguka chini.

"Wewe umezoea kusema, ukadhani asiyesema hana kitu. Debe tupu ndilo linalovuma, mjukuu wangu, na wewe tumekusikia vya kutosha. Yule mtoto aling'ata punje kabla ya kusema. Wewe uling'ata nini? Na jana ulipokuwa na neno moja tu la maana maishani mwako, ukalimeza. Ondoka mbele yangu. Nenda kalitapike kwa baba yako."

Nikaenda. Nilimwambia baba neno kwa neno, nalia, na baba hakunipiga, ingawa ningependa anipige. Akasema, "Kesho utaongozana na baba yako mdogo. Utamwambia mbele ya wazazi wake." Tulitoka alfajiri tukafika kwao jua linainama, nyayo zangu zimepasuka. Nilipiga magoti mbele ya watu wazima wa kwao nikayasema yote, kwamba mimi ndiye niliyeyapinda maneno yake, na mimi ndiye niliyenyamaza. Nikangoja anitukane. Nilitamani anitukane.

Raheli akauliza, "Wifi, ule wa juu mmeshautoa?"

"Wa juu upi?"

"Mtama wa shamba la juu. Uliingia mkavu. Kila siku unapokaa juu ya ule mbovu unavuta joto lake. Hamjautoa mkauanika?"

Hatukuwa tumeutoa! Nyumba nzima, wazee wenye mvi, wanawake waliopika miaka arobaini, tulikuwa tumekazana kumtafuta mwenye mkosi huku chakula kinaendelea kuharibika nyuma ya migongo yetu. Baba mdogo alishika kichwa. Kesho yake tulirudi sote watatu kwa haraka, Raheli mbele. Tukakipakua kihenge, yeye akiung'ata mtama tabaka kwa tabaka, huu upande huu, huu upande ule. Tukaokoa karibu nusu. Mwaka ule tulikula mara moja kwa siku, lakini tulikula. Na baba mwenyewe aliiondoa desturi yake. Tangu hapo mtama kwetu ulilala uwanjani mpaka Raheli aseme umelia.

Hayo ndiyo niliyomsimulia Marta. Raheli mwenyewe alikuwa amekaa pale pale uani, bibi kizee sasa kama mimi, anachambua mlenda, hajasema neno tangu chai iletwe. Marta akaona aibu kidogo lakini bado mdomo ulikuwa unamwasha. "Sawa mama, lakini huyu wetu je? Hilo daftari? Na hao kuku?"

Raheli akainua macho. "Mmemwuliza?"

Marta akamtazama mdogo wake. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mwaka mzima! Nikapandwa na hasira nikamwita Upendo mwenyewe kwa sauti iliyofika barabarani. Akaja, akapiga magoti, shikamoo kwa kila mmoja. Raheli akamwambia polepole, "Tusomee daftari lako, mama. Hatuna haraka."

Upendo alikuwa ameandika kuku. Kila aliyekufa, siku aliyokufa, na siku zilizotangulia. Akasema kwa sauti ndogo, "Kila mara ni baada ya kuku wapya kuletwa kutoka mnadani wakachanganywa na wetu. Siku ya nne au ya tano, wanaanza kusinzia. Nilitaka nione iwe mara tatu kabla sijasema, nisije nikamsingizia mtu. Imekuwa mara nne."

Na anayeleta kuku wa mnadani ni nani? Marta. Mlenda wa Raheli ukaanguka kwenye ungo.

Sikucheka, mwanangu, ingawa najua wewe unacheka. Nilimwuliza Marta swali la bibi yangu: sauti yako umeipeleka wapi? Naye, tofauti na mimi, hakutazama vidole vya miguu. Alisema, "Nimekosa, mwanangu," akamshika Upendo mkono. Hapo alinizidi mimi mama yake.

Basi nisikilize. Usimpime mtu kwa wingi wa maneno yake. Yupo anayefikiri kwa kusema, na yupo anayefikiri kwanza ndipo aseme, na huyu wa pili akikuletea neno moja, limetembea mbali mpaka kukufikia. Usilichukue ukalipindisha ili watu wacheke. Ukiona mtu amejitenga, usimtungie habari. Mwulize, kisha ungoje jibu lake, ungoje kweli, usimjazie mdomo maneno yako. Na wewe uliyezaliwa mkimya, huna kasoro ya kuombewa itoke. Ila ukiona chakula cha watu kinaharibika, sema mara ya kwanza, na wakicheka sema ya pili. Lakini mjue wote: kipo kimya cha kufikiri na kipo kimya cha woga. Raheli alikaa cha kwanza, mimi nikakaa cha pili, na ni changu kilichomfukuza mtu nyumbani kwake.

Nenda, mwanangu. Mungu akukuzie masikio kabla hajakuongezea sauti. Na siku ukihitajika kusema neno moja tu la kweli kwa ajili ya mwenzako, lisikukwame kooni kama lilivyonikwama mimi.